Faida Imetoka Nchi Gani, na kwa Kazi Ipi?

Mwaka 2023 mizania ya Kundi la KCB ilivimba kwa takriban asilimia 40, mali zake zikafika shilingi za Kenya trilioni 2.17. Mwaka huohuo faida baada ya kodi ilishuka kutoka bilioni 40.8 hadi bilioni 37.5, na wanahisa hawakupata gawio hata senti. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mali zilipungua hadi karibu trilioni 1.96, faida ikaruka hadi bilioni 61.8, na gawio likarudi, shilingi tatu kwa kila hisa.

Benki ilipokuwa kubwa mwenye hisa alitoka mikono mitupu, na ilipopungua akalipwa. Anayesoma kichwa cha habari peke yake hawezi kulifumbua hilo, wala msomaji wa lile tangazo la magazetini ambalo benki za Kenya hulazimika kulichapisha kila robo mwaka. Tangazo lina safu ya benki na safu ya kundi zima, basi. Halisemi Kinshasa imeingiza kiasi gani, Kampala imepoteza kiasi gani, wala kama fedha zimetokana na mkopo wa mwenye kibanda au na dhamana za serikali. Majibu yamo kwenye ripoti ya mwaka, kule nyuma kwenye maelezo ya hesabu, chini ya kichwa kinachohusu sehemu za biashara na maeneo. Wengi huziruka kurasa hizo. Mimi huanzia hapo, na daftari langu la miaka mingi limejaa tarakimu zilizonakiliwa kutoka humo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanuni inayoongoza maelezo hayo ni kiwango cha kimataifa kiitwacho IFRS 8, kilichoanza kutumika Januari 2009. Msingi wake ni kwamba kampuni iwaonyeshe wawekezaji biashara yake kama ilivyogawanywa mbele ya mkuu wake anapofanya maamuzi. Sehemu inayofikia asilimia 10 ya mapato, ya faida au ya mali lazima ionyeshwe peke yake, na sehemu zote zilizoonyeshwa zifikishe angalau asilimia 75 ya mapato yanayotoka kwa wateja wa nje. Wazo ni jema, ila mlango mmoja umeachwa wazi. Uongozi ndio unaochagua namna ya kuikata keki. Benki moja itajigawa kwa nchi, nyingine kwa aina ya wateja, na ya tatu itatoa majedwali mawili yasiyokutana: hili la nchi, lile la biashara. KCB, kwa mfano, imezoea kuonyesha wateja wadogo, wateja wakubwa, mikopo ya nyumba na hazina, kisha kando inaorodhesha Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo. Kujua wateja wadogo wa Rwanda pekee wameleta nini ni kazi nyingine kabisa.

Nianze na nchi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 123 za Kenya. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa 156 na kitu. Mwishoni mwa 2024, baada ya serikali kukopa upya Februari ili kulipa deni la dola bilioni mbili lililokuwa linaiva Juni, shilingi ilikuwa imeimarika hadi karibu 129. Sasa fikiria kampuni tanzu iliyoko Kongo yenye mali za dola bilioni moja, ambayo kwa miaka miwili haikukopesha hata dola moja ya ziada. Kwenye vitabu vya Nairobi mali hizo zitasomeka shilingi bilioni 123, kisha 156, kisha 129. Zimekua kwa asilimia 27, halafu zimepungua kwa asilimia 17, na kule Kinshasa hakuna kilichobadilika.

Faida nayo ina njia yake. Mali hubadilishwa kwa bei ya siku ya kufunga hesabu, lakini faida hubadilishwa kwa wastani wa mwaka, nao ulikuwa karibu 118 mwaka 2022, 140 mwaka 2023 na 135 mwaka 2024. Kampuni tanzu iliyopata dola milioni 100 kila mwaka ingeonekana mwaka 2023 imeongeza faida kwa karibu asilimia 19. Mkurugenzi angepongezwa kwa kazi iliyofanywa na shilingi kudhoofika.

Hili lina uzito kwa benki zetu kwa sababu Kongo imekuwa nguzo yao, na uchumi wa Kongo unaendeshwa kwa dola. Amana na mikopo ya benki za kule kwa sehemu kubwa mno ni ya dola, faranga ikibaki ya matumizi ya kila siku. Equity, benki nyingine ya Kenya, iliingia mwaka 2015 kwa kuinunua ProCredit, kisha mwaka 2020 ikachukua theluthi mbili ya BCDC, benki iliyokuwepo tangu 1909 enzi za ukoloni wa Kibelgiji, ikaziunganisha zote mbili. KCB ilifuata Desemba 2022 kwa kununua asilimia 85 ya Trust Merchant Bank. Kwa hiyo shilingi ilipoporomoka mwaka 2023, mizania za makundi yote mawili zilipanda pamoja: Equity kutoka karibu trilioni 1.45 hadi 1.82, na KCB hadi hizo 2.17. Sisemi ukuaji wote ulikuwa wa sarafu. Wateja waliongezeka na amana ziliongezeka. Ila mtu aliyenunua hisa kwa kuiamini ile asilimia 40 alistahili kuambiwa ni kiasi gani kililetwa na wateja na kiasi gani kililetwa na bei ya dola.

Tofauti hiyo ya sarafu haipiti kwenye hesabu ya faida na hasara. Huandikwa chini yake, kwenye mapato mengineyo, kisha hulala kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji wa wanahisa. Ukiwa na ripoti ya mwaka mkononi, itafute akiba hiyo kabla hujaisoma hotuba ya mwenyekiti.

Nisingeng'ang'ania jambo hili kama tusingekuwa tumeshaliona likiumiza. Benki za Kenya zilikimbilia Juba mapema. KCB ilifungua huko mwaka 2006, miaka mitano kabla ya uhuru wa Sudan Kusini. Mafuta yalikuwa yanatoka, mashirika ya misaada yalikuwa yanahamisha fedha nyingi, na benki zilizokuwepo zilihesabika kwa vidole. Mapato ya kubadilisha fedha na ya ada yalikuwa manono, na kwenye jedwali la nchi Juba iling'aa. Kisha vita vikaanza Desemba 2013. Miaka miwili baadaye, Desemba 2015, Benki Kuu ya Sudan Kusini iliiachia pauni ielee, nayo kwa siku moja ikaanguka kutoka karibu 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Baada ya hapo nchi iliingia kwenye orodha ya zile ambazo mfumuko wake wa bei ni mkali kiasi kwamba wahasibu hulazimika kuzifanyia hesabu zake marekebisho ya pekee kabla ya kuzijumlisha na za wengine. Kiasi kilichokuwa kimeandikwa faida ya Juba hakikuweza tena kununua kilichokuwa kimekadiriwa. Sehemu ya faida hiyo haikuwahi kuvuka mpaka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wanaoshangilia kila asilimia ya faida inayotoka nje ya nchi ya kundi. Faida ya kampuni tanzu bado haijawa fedha ya mwenye hisa. Kuna mlolongo mzima kati ya hizo mbili. Kwanza, si yote ni ya kundi. CRDB, benki ya Tanzania, ilipofungua Lubumbashi mwaka 2023 iliingia na asilimia 55, zilizobaki zikagawanywa sawa kati ya Norfund ya Norway na IFU ya Denmark. Kila faranga 100 za faida ya Lubumbashi zitaandikwa kamili kwenye hesabu za kundi, kisha 45 zitaondolewa mstari wa chini kabisa, kwenye haki ya wanahisa wengine. Kundi hilo lilitangaza faida ya shilingi za Tanzania bilioni 551 kwa mwaka 2024, na bado sehemu kubwa mno inatoka Tanzania, kwa hiyo kwa sasa tofauti ni ndogo. Kongo ikikua jinsi inavyotarajiwa, haitabaki ndogo.

Halafu kuna benki kuu ya kila nchi, nayo hutaka mtaji ubaki kwake. Uganda ilipandisha kiwango cha chini cha mtaji wa benki za biashara hadi shilingi zake bilioni 150 kufikia katikati ya 2024. Kenya imepitisha sheria ya kukipandisha kutoka shilingi bilioni moja hadi bilioni 10 kwa awamu hadi mwaka 2029. Kampuni tanzu iliyo chini ya kiwango haiwezi kutuma gawio nyumbani, hata ikipata faida. Yenyewe ndiyo inayonyoosha mkono. Wanahisa wa KCB wanalijua hilo vizuri. Kundi liliinunua Benki ya Taifa ya Kenya mwaka 2019 kwa kubadilishana hisa, na kwa miaka iliyofuata benki hiyo iliendelea kuwa pungufu ya mtaji hadi kundi likaamua kuiuza kwa Access Bank ya Nigeria, mauzo yaliyokamilika mwaka 2025. Jibu la kitendawili cha mwaka 2023, mwaka wa mizania nono na gawio sifuri, liko hapa kwa sehemu kubwa: mikopo iliyotengewa fedha kwa sababu haikulipwa, pamoja na mtaji uliohitajika ndani ya nyumba. Tarakimu ya mali haikusema lolote kati ya hayo.

Equity mwaka huohuo ilitoa funzo la upande wa pili. Faida ya kundi ilishuka kutoka bilioni 46.1 hadi 43.7, na ukilisoma jedwali la nchi unaona kwamba Kenya ndiyo iliyodhoofika, kwa mikopo chechefu na riba kubwa waliyolipwa wenye amana, ilhali nchi za nje zikalishikilia kundi lisianguke zaidi. Gawio la shilingi nne kwa hisa lilibaki palepale. Miaka kumi nyuma, nchi za nje zilikuwa pambo la ripoti ya mwaka. Siku hizi kampuni tanzu zinaleta karibu nusu ya matokeo ya Equity, na mwanahisa asiyefuatilia Kongo haijui hisa aliyonayo.

Lakini hata "Kongo" ni neno pana mno. Kwenye jedwali ni mstari mmoja. Kwa wanaoijua nchi hiyo, Kinshasa ni mji wa serikali na wa waagizaji wa bidhaa. Lubumbashi na Kolwezi ni shaba na kobalti, malori yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa kuelekea bandari za kusini na Dar es Salaam. Goma na Bukavu ni biashara ya mpakani, kahawa, madini ya mikono, na watu wanaoongea Kiswahili chetu. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Benki zilifungwa, na watu wenye fedha zao halali kwenye akaunti wakashindwa kuzitoa hata za kununulia unga. Uchungu huo wote umefichwa ndani ya mstari mmoja ambao mwisho wa mwaka unaweza kuonyesha ongezeko, kwa kuwa shaba ya kusini ilifanya vizuri. Mwekezaji anayeweka fedha zake huko, na zaidi ya yeye mweka amana wa Goma, anastahili kujua benki yake ina kiasi gani mashariki na kiasi gani kusini.

Tuje kwenye jedwali la pili, la kazi. Hili ni gumu zaidi, kwa sababu tarakimu zake zinategemea bei ambayo benki inajipangia yenyewe.

Chukua mfanyabiashara wa mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, mwenye shilingi 100,000 kwenye akaunti. Tawi linamlipa riba ya asilimia 4. Tawi halina mkopaji wa fedha zote linazokusanya, kwa hiyo linazipeleka idara ya hazina, nayo hazina inanunua dhamana za serikali za siku 91, ambazo mwaka 2024 zilifika karibu asilimia 16. Kwa mwaka mzima benki imepata shilingi 16,000, imemlipa mteja 4,000, imebaki na 12,000. Nani amezichuma? Inategemea bei ya ndani ambayo hazina inalilipa tawi. Ikiwa ni asilimia 5, idara ya wateja wadogo itaonyesha shilingi 1,000 na hazina 11,000. Ikiwa ni asilimia 13, wateja wadogo wataonyesha 9,000 na hazina 3,000. Jumla haibadiliki hata shilingi. Kinachobadilika ni hadithi, na hadithi hiyo ndiyo huamua tawi gani lifungwe, meneja gani apandishwe, na mteja wa aina gani ahesabiwe mzigo.

Gharama za makao makuu nazo ni hivyohivyo. Mitambo ya kompyuta, wanasheria, wakaguzi, matangazo ya redioni: vyote hivyo vina bili moja inayogawanywa kwa kanuni iliyoandikwa na mtu ofisini. Ukigawa kwa idadi ya wateja, mwenye akaunti ndogo ataonekana ghali. Ukigawa kwa ukubwa wa mikopo, mzigo utahamia kwa makampuni. Ninapoona idara ya wateja wadogo imepata hasara, swali langu la kwanza ni kuhusu kanuni, kisha wateja. Na benki inapobadilisha mgawanyo wa sehemu zake kati ya mwaka mmoja na mwingine, ambayo hutokea mara nyingi kuliko wanahisa wanavyotambua, inatakiwa kuzirudia tarakimu za mwaka uliopita kwa mpangilio mpya. Soma maandishi madogo yanayosema zimerudiwa.

Jedwali hili likisomwa kwa miaka mingi mfululizo linatoa historia ambayo hotuba haziitoi. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 Kenya ilikuwa na sheria ya ukomo wa riba: mkopo usizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa kumlinda mkopaji. Matokeo yake ni kwamba mkopaji mdogo, ambaye hatari yake haikuweza tena kulipiwa na riba iliyoruhusiwa, alifungiwa mlango, na fedha zikahamia kwa serikali. Hazina ikanenepa ndani ya benki bila kuongeza kazi nyingi. Huo ndio wakati ambapo ada za simu na mikopo midogo ya simu zilipata umuhimu mpya, na hamu ya kwenda nchi za jirani ikaongezeka. Sheria iliondoka, lakini mazoea ya kuikopesha serikali kwanza hayakuondoka nayo. Mara nyingi riba ya dhamana inapopanda, faida ya benki zetu hupanda bila kiwanda hata kimoja kuongezeka, na mimi siwezi kuiita hiyo kazi nzuri ya benki.

Nilisema majedwali haya mawili hayakutani. Ndani ya benki yanakutana, kila mwezi, mbele ya wakubwa, na maamuzi makubwa hutoka pale yanapokutana. Aprili 2022 Standard Chartered ilitangaza kwamba nchini Tanzania itaacha biashara ya wateja binafsi na wafanyabiashara wadogo, lakini itabaki na makampuni na taasisi. Novemba 2024 ikasema inaangalia uwezekano wa kuuza biashara ya aina hiyohiyo Uganda, Zambia na Botswana. Kati ya nchi hizo nne hakuna iliyohukumiwa nzima, wala idara iliyohukumiwa kila mahali. Kilichohukumiwa ni chumba kimoja kwenye jedwali la nchi kwa kazi. Mwalimu wa Dar es Salaam aliyekuwa na akaunti huko hakuwahi kuliona jedwali hilo. Alisikia uamuzi tu.

Ndiyo maana ninaamini jedwali la mchanganyiko, nchi kwa kazi, lichapishwe. IFRS 8 hailazimishi, lakini wasimamizi wa masoko yetu ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali wana uwezo wa kulidai kwa benki zilizoorodheshwa kwao. Hoja ya siri ya biashara haina nguvu: washindani wanajuana vizuri, asiyejua ni mwenye hisa. Pamoja na jedwali hilo, ukuaji wa kila nchi uonyeshwe kwa sarafu ya nchi hiyo kando ya ule wa sarafu ya kundi, ili tuone bei ya dola imechangia nini. Taarifa zote hizo zipo tayari kwenye mitambo ya benki. Gharama yake ni ukurasa mmoja wa karatasi.

Msimu wa mikutano mikuu huanza mara tu ripoti za mwaka zinapotoka. Kama una hisa, hata mia moja tu, una haki ya kusimama na kuuliza. Usiulize kwa nini faida imepanda au imeshuka. Jibu lake limeshaandikwa kwenye hotuba. Muulize mkurugenzi wa fedha hivi: mwaka huu kila kampuni tanzu imetuma gawio la kiasi gani kwa kampuni mama, na kampuni mama imepeleka mtaji wa kiasi gani kwa kila moja? Kisha kaa chini na uandike majibu.